Bunduki ya Baba Ilikuwa ya Nani?



Ndugu yangu, leo sikuletei kisa cha mtu mwingine. Ni changu mwenyewe, na nakiandika nikiona haya.

Marehemu baba, Allah amrehemu, alikuwa na shotigani, ile ya kukoki kwa kuvuta mkono wa mbele na kuurudisha. Ni Remington 870, aina iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1950. Aliimiliki kwa kibali, akilinda mahindi na muhogo dhidi ya nguruwe pori. Alipofariki tuliipeleka polisi pamoja na kibali chake. Silaha ya marehemu hailazwi uvunguni kungoja arobaini iishe! Ikakaa huko hadi nilipopata kibali kwa jina langu.

Ilirudi hoi. Mtutu una kutu, kitako kimepasuka, springi imelegea, na ukivuta inakwama katikati. Fundi mwenye leseni akaishughulikia ya ndani yote. Mimi aliniachia mbao tu. Jioni baada ya jioni nikasugua kwa msasa laini, nikapaka mafuta ya kitani kidogo kidogo, mpaka mistari ya mti ikaonekana tena. Kwenye kitako kuna mahali pamelainika, pale shavu la baba lilipokuwa likiegemea. Hapo sikupiga msasa.

Fundi aliponikabidhi aliacha chemba wazi, tukahakikisha sote wawili kuwa haina kitu. Nikakumbuka Hadithi ya Jabir, katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza watu kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Adabu ni ile ile.

Basi nikajiona mtoto mwema, nimeienzi mali ya baba. Mimi, ninayesomesha mirathi msikitini!

Siku moja mdogo wangu wa kike alikuja kwa ajili ya harusi, akanikuta naipangusa. Akasema, "Kaka, imependeza. Fungu langu ni kitako au mtutu?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Fungua Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, upige hesabu nami. Wazazi wa baba walishatangulia. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Mama ana thumni. Zinabaki sehemu saba kati ya nane: kila binti moja, kila mwana mbili. Bunduki haikatwi vipande na kibali ni cha mtu mmoja, kwa hiyo kinachogawiwa ni thamani. Muuzaji mwenye leseni akaikadiria shilingi 1,600,000. Zangu ni 400,000. Hizo 1,200,000 nilikuwa nimezilalia miaka yote.

Utaniambia, "Shekhe, dada zangu wameridhika, hawajawahi kudai." Umewauliza? Dada akinyamaza mbele ya kaka yake huenda anaona haya, au anaogopa kuitwa mpenda mali. Kama anasamehe, mtilie chake mkononi kwanza, asamehe akiwa nacho.

Na gharama za matengenezo? Sikumdai mtu. Nilitengeneza bila kuuliza.

Mama alipokea akaniombea dua. Dada wawili wakanirudishia, kwa hiari yao. Mdogo wetu akahesabu zake 200,000, mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaniuliza, "Na ile cherehani ya baba, kaka, nayo ipo kwako?"

Ipo kwangu, ndugu zangu. Ijumaa tunakutana kuikadiria, inshaAllah.