Arobaini na Nane za Nini?

Ndugu msomaji, chukua tepu ya kupimia, ile wanayotumia mafundi. Itazame vizuri. Ukingo mmoja una alama za inchi. Ukingo wa pili una alama za sentimita. Mimi nimeitumia tepu ya namna hiyo miaka mingi bila kufikiri. Halafu siku moja ikaniaibisha mbele ya darasa langu.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima hapa Nzega. Nina cheti, na katika mafunzo nilijifunza kidogo kuchora ramani za majengo. Wanakisomo wa kijiji kimoja walipoamua kujenga chumba cha darasa, waliniomba niwachoree. Tofali walifyatua wenyewe. Fedha za fremu za madirisha zilitoka kwenye mpunga wa shamba la darasa. Waliuza magunia manne.

Nilichora usiku kwa taa. Kuta niliziandikia mita: urefu mita 8, upana mita 6. Nilipofika kwenye madirisha nikaandika 48 kwa 36. Nilikuwa na maana ya inchi, yaani futi 4 kwa futi 3, kwa sababu nyumbani kwetu dirisha hutajwa hivyo. Lakini neno inchi sikuliandika.

Baada ya wiki mbili fremu zikaja kutoka mjini. Zote nne zilikuja juu ya baiskeli moja. Hapo nilijua kuna jambo. Seremala alikuwa amepima sentimita 48 kwa 36. Alidhani ni matundu ya hewa. Hakukosea yeye. Aliona ramani ya mita, akafuata mita.

Watu walinyamaza. Bibi mmoja, ambaye tarakimu alijifunzia darasani kwangu, akaichukua ile karatasi. Akaweka kidole juu ya namba. Akaniuliza, "Mwalimu, hizi ni arobaini na nane za nini?"

Sikuwa na jibu. Ni mimi niliyemfundisha kwamba akiandika uzito wa pamba aandike kilo, na akiandika bei aandike shilingi.

Swali la bibi ni la zamani katika nchi yetu. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora kwenda Ujiji. Wanyamwezi walibeba mizigo, na malipo mengi yalikuwa nguo. Nguo ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Sawa, lakini mkono wa nani? Mnunuzi alipenda apimiwe na mtu mrefu. Muuzaji alimtafuta mfupi.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912. Nafasi kati ya chuma na chuma ilikuwa mita moja. Waingereza walipochukua nchi walikuwa watu wa futi na inchi. Hata hivyo, reli yao ya kutoka Tabora hadi Mwanza, iliyomalizika mwaka 1928 na kupita Bukene katika wilaya yetu, waliijenga kwa mita ile ile. Kama wangebadili, behewa la Mwanza lisingeweza kwenda Dar es Salaam. Reli mpya, ile ya SGR, ina nafasi ya milimita 1435. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uipime kwa kipimo cha Kiingereza. Ni futi 4 na inchi 8 na nusu. Inchi imejificha ndani ya milimita!

Basi tuchague kipi? Ukienda dukani ukaomba mbao ya milimita 50 kwa 100, muuzaji atakutazama tu. Yeye anajua mbao ya mbili kwa nne. Msumari ni wa inchi nne. Lakini nondo ni ya milimita 12. Hatuwezi kuzifukuza inchi dukani.

Mimi sasa nachora kwa milimita peke yake. Sababu yangu kubwa ni hesabu. Jaribu kujumlisha inchi 3 na robo tatu na inchi 5 na sehemu tano za nane. Utahitaji karatasi nyingine. Kwa milimita ni 95 na 143, jumla 238. Tena ni rahisi kupunguza ukubwa. Kila mita ya ardhini naichora sentimita 2 kwenye karatasi. Pembeni chini naandika: Vipimo vyote ni milimita. Vitu vya kununua naviorodhesha kwenye karatasi nyingine, kwa majina ya dukani.

Jihadhari pia na wale wanaosema futi moja ni sentimita 30. Kwa dirisha haina neno sana. Lakini inchi moja ni milimita 25.4. Ndivyo Uingereza, Marekani na nchi nyingine zilivyokubaliana mwaka 1959. Kwa hiyo futi ni sentimita 30.48. Katika ukuta wa futi 20 utapoteza karibu sentimita 10, na paa halitakaa.

Fremu mpya nililipia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi mitatu. Zile ndogo tuliziweka juu ya ukuta zipitishe hewa, kama seremala alivyodhani. Fremu mpya zilikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kabla hazijashushwa, bibi aliomba tepu. Akaigeuza mpaka akauona ukingo wa sentimita, akapima, akasoma kwa sauti: "Mia moja ishirini na mbili. Sentimita." Ndipo akaruhusu zishushwe.