Barua kutoka Uingereza: Faili la Mgonjwa Likitoka Wodini

Faili la mgonjwa kwanza ni la kumtibu mwenyewe. Baadaye huja matumizi ya pili: watafiti hukusanya mafaili mengi wajue dawa ipi inaponya na ipi inaumiza. Haya ya pili ndiyo yanayobishaniwa Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, na Sanya Juu, mji wa wilaya ya Siha mkoani Kilimanjaro, yanaihusu kabisa, kwani jirani yake ni Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Kibong'oto ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009. Dozi ya wakati ule ilichukua karibu miezi 20, na ndani yake mlikuwa na sindano za miezi kadhaa. Kanamaisini, mojawapo ya dawa hizo za sindano, huharibu masikio, na wapo wanaopona kifua wakabaki viziwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza, baada ya uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 12,030 kutoka nchi 25. Hakuna daktari ambaye angepata ushahidi wa kiasi hicho katika wodi yake peke yake.

Kabla mafaili hayajatoka, majina hufutwa. Hilo halitoshi, na katika mji mdogo halitoshi hata kidogo. Chukua mstari mmoja wa jedwali: mwanamke, miaka 34, mwalimu, kata fulani ya Siha, kifua kikuu sugu. London mstari huo ungeweza kuwa wa watu kadhaa. Siha, majirani watamtaja kwa jina. Katika miaka ya 1990 mwanafunzi wa Marekani, Latanya Sweeney, alilitambua faili la William Weld, gavana wa Massachusetts, ndani ya takwimu zisizo na majina. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akavilinganisha na daftari la wapiga kura. Gavana hakupoteza riziki. Mama lishe akijulikana aliugua kifua kikuu anaweza kukimbiwa na wateja hata baada ya kupona.

Uingereza ilijikwaa hadharani. Mpango wa care.data ulikusudia kuunganisha mafaili ya madaktari wa familia nchini England. Mwanzoni mwa 2014 vipeperushi vilisambazwa majumbani, na watu wengi wakasema hawakuviona. Wakati huohuo ikafahamika kwamba kumbukumbu za hospitali ziliwahi kuwafikia wataalamu wa hesabu za bima. Mpango ukasimamishwa Februari 2014, ukafutwa Julai 2016. Lengo lake lilikuwa jema. Wenye mafaili ndio hawakuulizwa ipasavyo.

Tangu 2018 mgonjwa wa England anaweza kuzuia faili lake lisitumike nje ya matibabu yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, ukaanzishwa mfumo wa OpenSAFELY. Humo mtafiti hakabidhiwi mafaili: hupeleka programu yake yalipo, hesabu ikafanyika hukohuko, naye akapata majibu ya jumla tu. Utafiti mmoja wa mwanzo ulipitia kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 17. Kati ya njia zote za ughaibuni, hii ndiyo inayostahili kuigwa nyumbani.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti na kudai ridhaa ya maandishi, ingawa inatoa nafasi maalumu kwa matibabu na utafiti wa kisayansi. Utafiti nao huhitaji kibali cha maadili. Lakini sheria haifuniki daftari lililoachwa wazi mezani, wala haifuti picha ya kadi ya kliniki iliyokwisha kurushwa WhatsApp.

Mgonjwa anayeombwa ridhaa mara nyingi ndiyo kwanza ameambiwa ugonjwa wake. Anastahili kuelezwa kwa Kiswahili chepesi faili lake litakaa wapi, nani atalisoma, na kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Maelezo hayo yana wakati wake, kwani mafaili yakishachanganywa na majina kufutwa, la kwake ni vigumu mno kulichomoa.