Kwa Nini Niliifuta Ile Vidio ya Jiko

Wasee, tangu Julai watu wananiuliza kwa nini niliifuta ile vidio ya jiko ndani ya trela. Wengine mlisema nimelipwa na kampuni ya gesi. Wengine ati nimeokoka. Acheni niwape stori yote, na mara hii sikati chochote.

Mnaonifuata kitambo mnaijua ile trela. Kwa wageni: ni trela kuukuu ya kubebea tangi la maji, niliyoinunua kwa mkulima mmoja wa nyanya hapa Kagio. Ilikuwa tayari na karatasi zake na kibao cha namba kinachoanza na Z, maana sikutaka mambo na polisi barabarani. Juu yake fundi wa jua kali akanijengea kijumba: mifupa ya chuma, mabati nje, plaiwudi ndani, mlango nyuma, dirisha moja dogo kama la kiosko. Wawili wanatoshea wakilala, na wakitaka kuketi wainamishe vichwa. Majirani waliiita jeneza. Mathe hakucheka. Alikuwa bado anawaambia watu wa kanisa kwamba niko likizo kutoka chuo, likizo ambayo wakati huo ilikuwa imefika mwaka wa pili.

Kwa vidio nilisema wazo nililitoa YouTube. Huo ulikuwa uongo, nilitaka kuonekana mjanja. Wazo lilitoka jikoni kwa mathe. Akina mama wa chama chao walifundishwa kutengeneza kile kikapu cha kupikia bila moto, si mnakijua? Githeri inachemka kidogo tu kwa jiko, sufuria inatumbukizwa kikapuni, inafunikwa na mto, halafu inaendelea kuiva yenyewe. Baada ya masaa ukifunua, mvuke unakupiga uso. Kikapu hakina moto wowote. Kazi yake ni kuzuia joto la sufuria lisitoroke. Nikawaza: kama kinaweza kuiweka githeri, kwa nini kisiniweke mimi?

Kikapu cha mathe kimejazwa vipande vya godoro na nguo kuukuu. Mimi nilitaka kitu cha bure, na ukiishi karibu na Mwea kuna kitu kimoja huwezi kukosa: maganda ya mpunga. Wang'uru, nyuma ya vinu, yamelundikwa kama vichuguu. Kuna wanaoyatandikia kuku, kuna wanaochomea matofali, na bado yanabaki. Kila ganda limejikunja kama kamtumbwi kadogo kenye hewa ndani, na hewa iliyotulia haipitishi joto haraka. Ni mepesi, tena hayaozi upesi. Nikabeba magunia ishirini na tatu, nikayashindilia kati ya mabati na plaiwudi, upana wa kama vidole vinne, kuta zote, sakafuni na juu. Kwanza nilitandika nailoni ndani ili maji yasiingie, kwa sababu maganda yakilowa kazi imeisha. Kitu nilichosahau ni kupepeta. Kwenye maganda huwa mnabaki punje za mchele, na panya wa Kagio hawahitaji kadi ya mwaliko. Wiki nzima nilisikia harusi ndani ya ukuta.

Sasa, Kagio si mahali pa kujaribu baridi. Mwezi wa saba tunavaa jaketi, kunanyunya, mawingu yanakaa siku tatu bila jua kuonekana, lakini huo ni mchezo tu. Kagio iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Naro Moru inakaribia 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka kwa kama nyuzi sita. Mpango ukawa huo: tupande Naro Moru katikati ya Julai, tulale ndani ya trela, tuone kama maganda yanafanya kazi. Nilikuwa na rafiki yangu mmoja ambaye bado yuko kampasi. Mjomba akatuvuta na Probox yake kupitia Sagana na Karatina, pole pole, malori yakitupigia honi. Kuna mtu aliandika chini ya picha za safari kwamba kupiga kambi ni mambo ya wazungu. Nilimjibu kwamba Baden-Powell, yule aliyeanzisha maskauti, amezikwa Nyeri, kwa hivyo hata huyo mzungu alikuja kupigia kambi yake ya mwisho kwetu.

Tulipata ruhusa kwenye shamba moja juu ya mji, upande wa barabara ya kwenda geti la mbuga. Mjomba akatuacha hapo, yeye akaendelea na safari yake ya Nanyuki. Shambani kulikuwa na mzee wa kulinda usiku, amevaa koti mbili na marvini, na alipoiona trela aliizunguka mara mbili bila kusema kitu. Jioni kulikuwa na mawingu. Kama saa mbili usiku yakafunguka, nyota zikajaa, mlima ukasimama pale mbele yetu. Kwa kamera ni kuzuri sana. Kwa ngozi ni kubaya, kwa sababu mawingu ndiyo blanketi, na yakiondoka joto lote la ardhi linaenda juu.

Nilikuwa na vipimajoto viwili vya bei rahisi. Saa tatu usiku cha nje kilisoma 7. Cha ndani kilisoma 16.

Soma tena hapo. Kumi na sita, bila moto, miili miwili tu na maganda ya mpunga. Trela ilikuwa imefaulu. Hatukuwa tunahitaji jiko, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hadi leo. Niliingiza jiko kwa sababu vidio ilikuwa haina moto. Watu wawili wamejifunika blanketi kwa taa ya simu, nani atatazama? Lakini makaa mekundu, sufuria ya chai, mvuke, dirisha likiingiwa na ukungu... nyinyi wenyewe mnajua mnachopenda.

Mzee alituona tukilipuliza nje. Akasema, "Vijana, hilo jiko liacheni huku huku."

Nikamwambia, "Guka, usijali. Tunangoja liwe jekundu kwanza, moshi uishe."

Hiyo ndiyo hesabu niliyolelewa nayo, na nina hakika hata wewe. Moshi ndio mbaya, moshi ukiisha jiko liko salama, lete ndani. Kumbe moshi ni ule unaokuwasha macho ukakufukuza. Gesi inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi popote, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa kwa wingi, hasa hewa ikiwa haba. Ikiingia kwenye damu inashika kiti cha oksijeni, na inakishika kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Wewe unapumua kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Na sisi tulikuwa tumejifungia ndani ya kikapu kisichopitisha kitu. Kila ufa nilikuwa nimeuziba kwa silikoni mwenyewe, tena kwa fahari.

Tulirekodi kama dakika ishirini. Nikakata kipande cha sekunde thelathini, nikakiweka TikTok mtandao ukiwa bado na nguvu, nikaandika "nyuzi 7 nje, sisi tuko Mombasa." Jiko tulilisukuma karibu na mlango, tukaacha ufa wa kidole kimoja, tukalala.

Kilichoniokoa ni chai. Nilikuwa nimekunywa karibu nusu ya chupa nzima, na saa saba hivi kibofu kikaniamsha. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu anayepigilia misumari, miguu mizito kana kwamba si yangu. Nilidhani ni malaria. Nilisukuma mlango nikaanguka kwa magoti kwenye nyasi, nikatapika. Nilipomwita mwenzangu hakujibu. Nikamvuta mguu, hakujibu. Sikuweza kupiga nduru, sauti ilikuwa imepotea, nikapiga mabati kwa kiatu. Mzee alikuja mbio. Ndiye aliyemtoa nje kwa kumburuta na blanketi, na ndiye aliyelibeba lile jiko kwa mikono akalirusha kwenye mtaro. Hakutugombeza. Alikaa chini akamweka kijana wa watu kichwa juu ya paja lake na kumwita, "Amka, amka kijana wangu," hadi akafungua macho.

Alfajiri tulikuwa hospitalini, mwenzangu amewekewa oksijeni. Tuliruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake. Mamake alikuja. Hakunisalimia, na sikumlaumu.

Sasa ndiyo sehemu nisiyoipenda. Nikiwa pale kwenye benchi niliwasha simu. Kile kipande kilikuwa na watazamaji elfu arubaini. Kwa mtu ambaye vidio zake zilikuwa zinafika mia sita, manze, nililia. Kuna duka la mahema lilinitumia ujumbe. Na chini ya vidio watu walikuwa wanaandika: "wacha nijaribu hii kwa bedsita yangu", "mimi hufanya hivi kila siku", "baridi imeisha". Msichana mmoja aliuliza: "Na dirisha nifunge au niache wazi? Niko na mtoto."

Nilisoma hilo swali siku hiyo hiyo. Vidio niliifuta baada ya siku mbili. Siku mbili nzima nilikuwa najiambia kwamba nitaandika onyo juu yake, kwamba nitaibandika maneno, kwamba kila mtu anajua mambo ya jiko. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia namba zikipanda. Mathe alikuwa ameiona pia, na kwa mara ya kwanza aliniambia nimefanya kitu kizuri, kwa sababu alikuwa bado hajajua kilichofuata. Hiyo ndiyo vidio niliyokuwa nimeisubiri tangu nilipoacha kampasi.

Yule msichana nilimwandikia pembeni kabla ya kuifuta. Usifunge, na usiingize kabisa, hata dirisha likiwa wazi, sisi tuliacha mlango wazi kidogo na tulikaribia kufa. Hakujibu. Kila asubuhi nilifungua simu kuangalia. Kila mwaka ikifika Juni hadi Agosti tunasikia habari hizo, familia imekutwa asubuhi, jiko katikati ya nyumba, majirani wanasema walisikia kimya tu. Siku ya tisa aliandika neno moja: "Sawa." Sijawahi kupokea ujumbe mzuri kuliko huo, na sina namna ya kuuweka kwa vidio.

Tulirudi Naro Moru mwisho wa Agosti. Peke yangu na trela, kusema kweli; mwenzangu alikataa, akanitumia tu kicheko. Nilimpelekea yule mzee kilo kumi za pishori. Nilikuwa nimetoboa matundu mawili, moja chini karibu na sakafu, lingine juu upande wa pili, kila moja kama chungwa, yenye wavu wa kuzuia panya. Nilidhani joto lote litatoroka. Nje ilishuka hadi 6, ndani ikabaki 12, na plaiwudi haikuvuja jasho asubuhi kama mara ya kwanza, kwa sababu pumzi ilipata pa kutokea.

Na sikusikia baridi, bana. Mtu aliyelala anatoa joto kama la balbu ya zamani ya wati 75, waulize wafugaji wa vifaranga balbu moja inafanya nini ndani ya boksi. Kazi yako ni kuishikilia tu. Nguo za mchana nilivua zote hata soksi, maana zina jasho, na jasho likipoa usiku ndilo linalokutetemesha. Godoro niliinua, nikaweka gunia la maganda chini yake, kwa sababu baridi nyingi inatoka chini na blanketi tano za juu hazisaidii. Nilikula ugali wa maana kabla ya kulala. Chai nilipikia nje, maji yaliyobaki nikayatia kwenye chupa ngumu iliyofungwa vizuri, nikaivalisha soksi na kuiweka miguuni. Saa kumi na moja asubuhi ilikuwa bado na uvuguvugu.

Vidio ya usiku huo ina watazamaji mia nne na kitu. Haina moto.

Kitu kilichonikaa kichwani ni kwamba trela ya kuchezea ina joto kuliko nyumba ya cucu wangu. Yeye analala chini ya mabati matupu, bila dari, na mwezi wa saba huwa anaingiza jiko chumbani, likiwa jekundu, moshi umeisha, kama alivyomfundisha mathe, na mathe akanifundisha mimi. Nilimkataza akanitazama tu. "Na nilale na nini?" Swali la haki.

Kwa hivyo Jumamosi hii nikiwa na fundi tunamwekea dari la plaiwudi, na juu yake maganda, safari hii yaliyopepetwa. Nimehesabu magunia kama arubaini na nina thelathini na moja. Aliye karibu na Kagio na ana magunia matupu, nitumie ujumbe, nitakuja kuyachukua mwenyewe. Cucu amekubali kwa sharti moja: panya wakiingia, nitalala nao mimi.