Je, Sega Itarudi Kuunda Mashine?

Wazazi wenzetu, bila shaka mmeviona mitaani vile vyumba ambamo vijana hulipa shilingi chache wakacheza gemu kwenye televisheni. Mashine zilizomo aghalabu ni PlayStation, za kampuni ya Sony. Mshindani wake wa zamani, Sega ya Japani, ilitangaza mwaka 2001 kuwa inaacha kuunda mashine, ikabaki na kuunda michezo tu. Hata hivyo, kila baada ya muda huvuma kwamba itarudi.

Uvumi huo tulikutana nao Kitengela, tulipokwenda kwa darsa. Mama mmoja alitueleza kuwa mwanawe, mwenye chumba kama hicho, ameizuia akiba yake akiingoja mashine ya Sega. Je, hiyo ni subira, au ni kupoteza wakati?

Tulimpa mfano wa jirani. Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliundwa mwaka 1950. Kiwanda chake cha Athi River kilisimama miaka ya 1990, kikafunguliwa tena 2006. Majengo yalikuwapo, na jina pia. Lakini wafugaji wa Kajiado hawakukaa langoni na ng'ombe wao miaka yote hiyo. Walikwisha kuzoea machinjio mengine, Kiserian na kwingineko. Mwaka 2020 tume ikakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Ikiwa kurudi ni kuzito kwa mwenye serikali nyuma yake, itakuwaje kwa asiye nayo? Na wateja wa kijana yule ni kama wafugaji hao: wakikosa mashine nzuri kwake, watavuka barabara, ilhali kodi ya chumba haingoji.

Mashine ya mwisho ya Sega, Dreamcast, ilitoka Japani 1998. Iliuzwa kwa hasara, kwa matumaini kuwa faida italetwa na michezo, nayo haikutosha. Mwenyekiti wake, Isao Okawa, aliyeikopesha mali yake mwenyewe, aliisamehe deni na kuirudishia hisa zake muda mfupi kabla ya kufariki Machi 2001. (Fadhila ya kumsamehe mdeni aliye dhikini twaijua kutoka Suratul Baqara, haidhuru kuiona Tokyo.)

Mwaka 2019 Sega ilitoa Mega Drive Mini, kimashine chenye michezo ya zamani ndani yake. Tuonavyo sisi, huko ni kuuza kumbukumbu, si kurudi vitani. Michezo yake ya Sonic leo huuzwa kwa ajili ya mashine za Sony na Nintendo. Ikiunda mashine yake, itagombana na wale wale wanaoifungulia duka.