Kabla ya Kuchangia Picha ya MRI

Huku Uingereza, mwenye maumivu sugu ya mgongo hapelekwi kupigwa picha kwanza. Mwongozo wa NICE, taasisi ya huko ya miongozo ya matibabu, wa Novemba 2016 unataka aanze na mazoezi yanayomfaa, na mahali pengi humwona mtaalamu wa fiziotherapia bila barua ya daktari, ingawa foleni yaweza kuwa ya wiki nyingi. Ushahidi upo. Mapitio ya mwaka 2015, yaliyohusu watu zaidi ya 3,000 wasioumwa popote, yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Picha basi humwonyesha mtu umri wake, na mara nyingi chanzo cha maumivu hakimo. Nakuru, Kenya, mara nyingi safari huenda kinyume: sindano, tembe, mkanda wa kiuno, kisha jamaa wanachangia MRI, na fiziotherapia inakumbukwa mwisho. Ule mkanda wenyewe Shirika la Afya Duniani liliushauri uachwe, katika mwongozo wake wa Desemba 2023.

Atakayepinga ana hoja nzito: Bonde la Ufa si England. Kwetu kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kuna bruselosi kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi. Kweli, na wagonjwa hao wasicheleweshwe hata siku moja. Lakini magonjwa hayo mara nyingi huacha dalili: homa, jasho la usiku, kukonda; na miguu ikifa ganzi au mkojo ukikosa kuzuilika, hiyo ni dharura. Mhudumu akiuliza maswali hayo vizuri, wachache watapelekwa kupimwa upesi, na wengi watabaki na pesa zao.

Wapo pia wasemao mazoezi ni ya watu wa ofisini, kwamba mama wa Molo anayebeba kuni kwa kamba ya kichwani hana haja nayo. Mimi naona yeye ndiye anayeyahitaji zaidi, kwa kuwa tembe humrudisha kwenye mzigo uleule akiwa na shingo ileile dhaifu. Mzigo nao upunguzwe, wa kuni na hata wa viazi: kanuni za Kenya za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, na kila gunia lililofurishwa kupita hapo hubebwa na mgongo wa mtu. Kaunti ikipeleka wataalamu wa fiziotherapia hadi vituo vya afya vya Njoro, Subukia na Mau Narok, mama huyo atafundishwa mazoezi karibu na kwake, bila nauli ya kwenda mjini.