Gia Iliyomsingizia Ba'mdogo

Najua nimepotea kama wiki saba hivi, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeolewa. Hapana jamani. Nilikuwa TP huko kwetu Muleba, nafundisha hesabu na fizikia kidato cha pili. Sasa nimerudi kampasi, bumu halijatoka, mwenzangu wa chumbani anakoroma, acha niwasimulie.

Kisa chenyewe kinahusu gia ndogo ya plastiki ya pikipiki. Msicheke. Gia hiyo nusura imwachishe ba'mdogo wangu kazi.

Baba alipofariki, ba'mdogo ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita. Kila nikirudi kampasi ananifungia senene wa kukaanga kwenye kopo. Kazi yake ni kuzungukia wakulima wa kahawa vijijini, na ofisi yake imempa Yamaha DT 125, zile pikipiki ndefu za zamani zenye ringi 21 mbele. Ofisi inampa lita 30 kwa mwezi na hesabu yao ni lita moja kwa kilomita 35. Kwa hiyo mwisho wa mwezi mita inatakiwa iwe imeongezeka kilomita 1,050. Mwaka huu, kuanzia mwezi wa tatu, ikawa inaongezeka 930 na kitu tu. Maana yake lita tatu na zaidi hazijulikani zilikokwenda. Kila mwezi.

Akapewa barua ya kujieleza. Nilipofika kwake mwezi wa saba, mtaani walishaanza kunong'ona kwamba mzee anauza mafuta ya ofisi kwa bodaboda. Na hapa niwe mkweli kwenu: hata mimi niliamini. Siku moja nilikuta nyuma ya jiko dumu la lita tano linanuka petroli. Sikuuliza kitu. Nikaendelea kumpigia magoti na kumwamkia kila asubuhi kama kawaida, huku moyoni nimeshamhukumu.

Jumamosi moja akanibeba kwenda Bukoba, nina fomu zangu za TP za kutoa kopi. Mnajua ukikaa nyuma ya pikipiki mtu hana cha kufanya. Tukapita Izigo, tukapita Muhutwe, mimi naangalia vibao vya kilomita vya pembeni ya barabara. Halafu nikachungulia mita begani kwake. Kibao hadi kibao, kilomita kumi, mita imesogea 8.9. Nikadhani nimekosea. Nikahesabu kumi nyingine, 8.9 tena. Tulipofika Kemondo nikamwomba asimame.

"Ba'mdogo, hii mita iliwahi kutengenezwa?"

"Mwezi wa pili. Ilikuwa imekufa kabisa. Fundi wa Bukoba akaifufua."

Haya, tukaenda moja kwa moja hadi kwa fundi. Kijana mchapakazi, mikono yote oili, wala hakuficha kitu. "Sista, gia ya mita ya DT ilikuwa imelika meno na dukani haikuwepo. Nikaweka ya Mchina, pea nzima, nikachonga kidogo na tupa. Kwani haifanyi kazi?"

Inafanya! Mshale unapanda, namba zinasogea. Tatizo ndilo hilo. Ingekuwa imekufa, kila mtu angeona.

Sasa nivumilieni niwe mwalimu kidogo. Ndani ya kile kifuniko cha breki ya mbele kuna gia ya plastiki inayoshikwa na masikio mawili ya habu. Tairi likizunguka, gia inazunguka nalo na kuzungusha kijino kidogo cha chuma, kijino kinazungusha waya, waya unazungusha mita. Mita yenyewe haijui ukubwa wa tairi lako. Inahesabu mizunguko ya waya basi. Pikipiki nyingi za Kijapani za zamani mita yake imepangwa kwamba waya ukizunguka mara 1,400 ni kilomita moja, na nyingine imeandikwa kabisa usoni kwa maandishi madogo: 60 km/h, 1,400 rpm. Zile za Kiingereza za enzi za babu zenye mita ya Smiths utakuta namba 1600, hiyo ni mizunguko kwa maili moja, kwa hiyo hata mita si za kubadilishana kiholela.

Tairi la 2.75-21 la DT likizunguka mara moja linatembea kama sentimita 211. Lile la 2.75-18, ambalo ndilo la pikipiki nyingi za Kichina zilizoigwa Honda CG 125, linatembea kama sentimita 188. Kwa hiyo gia ya DT inatakiwa izungushe waya karibu mara tatu kwa kila mzunguko wa tairi, na ya ringi 18 inazungusha mara 2.6 tu. Ukiweka ya ringi 18 kwenye ringi 21, kila kilomita 100 unazotembea mita inaandika 89. Piga hesabu ya 1,050 uone unapata ngapi. Nilipiga pale pale kwenye benchi la fundi, nikapata 934.

Fundi hakuniamini, na alikuwa na haki. Tukafungua waya kwenye mita, nikabandika kipande cha karatasi kwenye ncha yake, tukainua gurudumu na kulizungusha mara kumi taratibu. Karatasi ikazunguka mara 26 na kidogo. Kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji kulikuwa na DT nyingine iliyokufa. Tukatoa gia na kijino chake, tukasafisha, tukapaka grisi, tukafunga. Mara kumi tena: 29 na nusu.

Ba'mdogo alikuwa amekaa kwenye ndoo muda wote bila kusema neno. Kurudi Muleba alikuwa anaendesha taratibu mno, na kila kibao kikipita anainamia mita. Kilomita 20, mita 20.

Usiku nikaandika maelezo ukurasa mmoja, yeye akayanakili kwa mwandiko wake. Ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza lile dumu. Kumbe tangu apewe barua alikuwa ananunua lita tatu nne kwa hela yake mwenyewe, anatembelea wakulima kwa mafuta yake ili namba za kwenye kitabu zikae sawa. Karibu elfu kumi kila mwezi, analipia petroli ambayo hakuna aliyeiiba.

Nikamwambia, ba'mdogo nisamehe, na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hata mimi, mwanangu, kuna siku nilianza kujiuliza kama kuna mtu ananinyonyea tenki usiku. Niliwatazama vibaya vijana wa watu."

Ofisi walituma dereva wao akapima kwa vibao vile vile, na gia zote mbili. Wakaandika kwamba suala limefungwa. Neno pole halikuwepo kwenye barua, na hela yake haijarudi.

Kwa wenye pikipiki za zamani, au wazazi wenu wanazo: waya wa mita azima popote, mradi urefu na ncha zikubali. Gia na kijino badilisha kwa pamoja, na hakikisha vimetoka kwenye ringi saizi ile ile. Kukubali kuingia hakutoshi. Halafu pima kwa vibao vya barabarani kabla ya kumlipa fundi. Na tochi ya trafiki je? Kwa gia ile ya ba'mdogo, mita ikisema 50 tochi inasoma 56.

Senene nimekuja nao, mnaotaka njooni kabla mwenzangu hajaamka. Tuonane wiki ijayo, tukijaliwa na sapu zisipotukuta.