Wazee wa Bermondsey hawakufichwa

 

Dada yangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale uliposema Wazungu wakizeeka wanatupwa kwenye nyumba za wazee. Sikubishii sana. Makao ya namna hiyo yapo, mengine huyaoni mpaka upotee njia. Lakini kuna jengo moja Bermondsey, hapa London, kusini mwa Mto Thames, linaitwa Appleby Blue. Mwaka 2025 lilitwaa Tuzo ya Stirling, ambayo wasanifu wa Uingereza huitoa kwa jengo walilolipenda kuliko yote mwaka huo. Wanaokaa humo ni watu wa zaidi ya miaka 65, tena wenye kipato kidogo.

Liko barabarani kabisa, kituo cha basi mbele yake. Ukumbi wa chini ni vioo vitupu: anayengoja basi anawaona wanaokunywa chai, nao wanamwona. Nyumba ni 59, zimezunguka ua wenye miti. Ukifungua mlango wako hukutani na ujia wa giza kama wa hospitali, bali varanda pana iliyozibwa kwa vioo, ina mabenchi na maua, na madirisha ya jikoni yanatazama hapo hapo. Wewe uliyekulia barazani hutahitaji msanifu akueleze. Mtu anatoka kutupa taka, anamkuta jirani amekaa, salamu inazaa maongezi. Asipoonekana kutwa, atagongewa.

Uliuliza nani analipa. Wenye jengo ni United St Saviour's, taasisi ya hisani ambayo historia yake inaanzia 1541. Fedha za ujenzi, hata hivyo, zilitokana na mwekezaji aliyekuwa anajenga maghorofa ya kifahari Bankside, maana huku anayetaka kibali cha mradi mkubwa wa namna hiyo hutakiwa achangie makazi ya bei nafuu. Wengi huvutana na halmashauri mpaka mchango unakonda. Safari hii zikapatikana nyumba kamili, watu wakahamia. Kwangu mimi hilo ndilo la kuigwa kwanza, kabla ya vioo na miti, na nalisema mapema kwa sababu najua kwetu kitakachofika ni picha.

Kasoro haikosekani. Mkazi wa makao ya hisani kama haya huchangia gharama kila wiki, na asiyejiweza husaidiwa na ruzuku ya serikali. Ila kisheria yeye si mpangaji; amepewa ruhusa ya kukaa, na kinga yake ni ndogo kuliko ya mpangaji wa halmashauri. Mtu wa miaka 80 kuishi kwa ruhusa, mimi hilo silipendi.

Kule Barnet, kaskazini, kuna akina mama waliokataa kungoja hisani. Walianza kikundi mwaka 1998, wakahamia kwenye nyumba zao 25 mwaka 2016. Nane ni za kupanga kwa bei nafuu. Miaka 18, dada! Kumbe hata hapa ukitaka kiwanja na kibali, jiandae kuzeeka kwanza.

Usije ukauliza kama nimeshaomba nafasi Appleby Blue. Wanachukua wakazi wa halmashauri ya huko, Southwark, mimi napanga ng'ambo ya mto, na umri wenyewe bado, hata kama kwa simu sauti yangu inakudanganya.